Neno Halisafiri Peke Yake

Uwe hapa Kisangani, Makiso au Mangobo, Kabondo au Tshopo, uwe ng'ambo kule Lubunga au ndani ya mtumbwi unaoteremka kuelekea Isangi na redio yako ndogo mapajani, karibu. Jioni ya leo nimewaandalia mazungumzo juu ya maneno. Ni yale maneno ya Kiingereza ambayo watoto wetu huyanakili kwenye kaye zao, yaani madaftari yao, huyakariri usiku kucha, na ikifika Jumamosi wameshayasahau.

Nianze na kisa kidogo. Juma lililopita binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa sekondari, alikuja kukaa barazani kwetu kwa sababu taa yetu ilikuwa inawaka na ya kwao imezimika. Akafungua kaye. Ukurasa ulikuwa umepigwa mstari katikati, kushoto Kiingereza, kulia Kifaransa. "Moon", lune. "Hen", poule. "Rain", pluie. Maneno 30, yote ya interro, jaribio la kesho yake. Akawa anayasoma kwa sauti, juu mpaka chini, chini mpaka juu, macho ameyafumba, vidole vinahesabu. Siku tatu baadaye nikamuuliza: "Mwanangu, yale maneno 30, yamebaki mangapi?" Akafikiri, akacheka, akanionyesha vidole vinne.

Binti huyo ana akili, tena ana bidii. Maneno yake yaliingia kichwani kama abiria wa boti wasiojuana. Kila mmoja alipanda na mzigo wake, hakumsalimu jirani yake, na bandari ya kwanza ilipotokea akashuka bila kuaga.

Sasa, wasikilizaji, shida hii ya neno lililo peke yake si ngeni kwenye mto wetu wa Kongo. Wazee waliikuta zamani, wakaitafutia dawa, na dawa yenyewe ndiyo ninayoomba tuirudishe kalasini. Dawa hiyo ni lokole.

Lokole mnaifahamu. Ni gogo lililokombwa ndani na kuachwa mlango mwembamba juu, lenye midomo miwili. Ukipiga mdomo huu, unapata sauti ya juu. Ukipiga ule, sauti ya chini. Walokele, ndugu zetu wa kandokando ya mto, kutoka Yakusu kuteremka mpaka Isangi, walizitumia sauti hizo mbili kupeleka habari za msiba, za kikao, za mgeni anayekuja, kutoka kijiji hadi kijiji. Waliweza kwa sababu katika lugha yao, kama katika Kilingala, maana inakaa pia katika kupanda na kushuka kwa sauti. Kila neno lina wimbo wake, na lokole huuiga wimbo huo.

Lakini hapo pana mtego. Kwa Kilokele mwezi ni songe, na kuku ni koko. Yote mawili yana silabi mbili, na silabi zote mbili ni za sauti ya juu. Mpigaji akipiga juu-juu, halafu akanyamaza, aliye kijiji cha pili atajuaje kama mwezi umeandama au kuku amepotea?

Ndiyo maana mpigaji hapigi "mwezi" akaishia hapo. Hupiga mwezi pamoja na kazi yake: mwezi unaotazama chini duniani. Hapigi "kuku" tu. Hupiga kuku pamoja na sauti yake: yule mdogo anayelia kiokio. Wimbo umekuwa mrefu, una mabonde na vilima vyake, na aliye mbali hawezi tena kuuchanganya na mwingine. Neno fupi limepewa wenzake wa safari, likafika.

Aliyeyaandika haya kwa kina ni Mwingereza, John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyekuja Kongo mwaka 1938 na kuishi miaka mingi Yakusu, jirani kabisa na mji wetu. Alijifunza Kilokele, akaketi na wapigaji, akawauliza kama mtoto anavyomuuliza babu yake, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu ya ngoma zinazosema. Ni yeye aliyeeleza kwamba katika lugha ile ukikosea kupandisha na kushusha sauti, mtu aliyekuwa akiangalia ukingo wa mto anageuka kuwa mtu aliyemchemsha mama mkwe wake. Mnacheka, nami nilicheka. Lakini tuliangalie jambo hili vizuri. Mwenye Kiingereza alikuja hapa akawa mwanafunzi wetu, na somo alilolipata ni lile lile ambalo watoto wetu wanalihitaji leo ili wakijue Kiingereza chake: neno halisafiri peke yake.

Basi tuulize, wenzake wa neno la Kiingereza ni nani? Tukiwajua, nusu ya kazi imekwisha.

Kwanza wapo ndugu zake wa damu, na wengi tayari wanaishi nyumbani kwetu. Mtoto wa Kisangani akiingia kalasi ya Kiingereza kwa mara ya kwanza huambiwa kwamba anaanza sifuri. Si kweli hata kidogo. Anaingia na Kiswahili cha nyumbani, na Kilingala cha njiani na sokoni, na pengine Kilokele, Kitopoke au Kimbole cha bibi yake, na Kifaransa cha shule. Mtoto huyu amekwisha kuvuka mito mitatu au minne. Huu mwingine usimtishe.

Tukitazame hicho Kifaransa. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandie kule Ufaransa, alivuka bahari na jeshi lake akaishinda Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa wa nchi ile waliongea Kifaransa, na wakulima wakaendelea na Kiingereza chao. Mchungaji aliyeamka alfajiri kumlisha ng'ombe alimwita "cow". Bwana aliyeletewa nyama mezani aliiita kwa jina la Kifaransa, na mpaka leo nyama ya ng'ombe kwa Kiingereza ni "beef", ndugu wa boeuf. Kondoo aliye hai ni "sheep", akipikwa anakuwa "mutton", ndugu wa mouton. Nguruwe ni "pig", nyama yake "pork", ndugu wa porc. Mwambie mwanafunzi kisa hiki, na maneno sita yataingia kwa pamoja yakiwa yameshikana mikono, kwa sababu sasa yana hadithi. Hakuna atakayemlazimisha kuyakariri.

Kuna pia kofia. Mwalimu wa Kifaransa huwakaripia watoto wanapoisahau ile kofia juu ya irabu: hôpital, forêt, fête, bête, côte. Je, tumewahi kuwaambia kofia ile inaficha nini? Inafunika kaburi. Zamani pale palikuwa na s. Kifaransa kiliacha kuitamka, kikaiweka kofia kama ukumbusho. Kiingereza kilikuwa kimeyachukua maneno hayo s ikiwa bado hai, na kikaitunza. Basi vueni kofia, rudisheni s, msikie: "hospital", "forest", "feast", "beast", "coast". Kofia nyingine zina historia tofauti, kwa hiyo mtoto ahakikishe kwenye kamusi. Lakini hebu mwalimu aandike maneno haya matano ubaoni, aseme tu "vueni kofia", na aone mikono itakavyonyanyuka. Wale wanaokaa nyuma watakuwa wa kwanza.

Na hilo neno hospitali, tulicheze kidogo kwa vidole juu ya meza, kama wapiga lokole. Mfaransa hukaza mwisho: hôpiTAL. Sisi Waswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: hospiTAli. Mwingereza hukaza mwanzo: HOSpital. Neno moja, mapigo matatu. Mtoto aliyezoea Kilingala ana sikio kali la sauti, mwache alitumie. Akijifunza neno la Kiingereza alijifunze pamoja na pigo lake, alipige mezani. Hataandika tu neno. Atalisema, na Mganda au Mkenya atamwelewa mara moja.

Nisifiche pia kwamba kwenye kila ukoo kuna ndugu waongo. Walimu wetu wa Kifaransa wanawaita faux amis, nao ni wacheshi kuliko wote. Andika herufi hizi: p, a, i, n. Kwa Kifaransa ni mkate. Kwa Kiingereza ni maumivu. Andika f, o, u, r: kwa Kifaransa ni tanuri, kwa Kiingereza ni nne. C, h, a, i, r: kwa Kifaransa ni nyama ya mwili, kwa Kiingereza ni kiti. C, o, i, n: kwa Kifaransa ni pembe ya nyumba, kwa Kiingereza ni sarafu. Hapa mwalimu asitoe orodha. Awasimamishe watoto wawili mbele ya kalasi. Mmoja ajishike tumbo, alie: "I have a pain!" Mwenzake akimbie na mkono wazi kumwomba kipande cha mkate. Kalasi nzima itaanguka kwa kicheko, na neno lile halitatoka tena. Tukicheka tunashika. Wazee wetu waliposimulia hadithi za sungura walijua hivyo.

Halafu kuna ndugu ambao watoto wetu hawaambiwi kabisa, nao ndio wanaonigusa mimi zaidi. Ni maneno yaliyotoka kwetu yakaenda kwa Waingereza. "Safari" ni letu, Waswahili, nasi tulilipokea kutoka kwa Waarabu. "Okapi" ni jina walilolisikia kwa watu wa misitu hii, ile inayoanza mashariki ya mji wetu na kuendelea hadi Ituri, ambako leo iko hifadhi ya okapi pale Epulu. Wataalamu wa Ulaya walimwandika mnyama huyo katika vitabu vyao mwaka 1901. Watu wa msituni walikuwa wanamjua tangu enzi za mababu. "Chimpanzee" ni neno lililochukuliwa kutoka lugha ya Kibantu ya pwani ya Loango, kaskazini ya mdomo wa mto huu huu tunaouona. Na kusini ya Marekani, karanga zina jina la mitaani, "goober". Hiyo ni nguba ya Kikongo, iliyovuka bahari midomoni mwa watu waliofungwa minyororo. Mtoto wa Kongo akifungua kamusi ya Kiingereza, anawakuta babu zake wameketi ndani. Anaweza kubisha hodi bila woga.

Na biashara hiyo ya maneno ilikwenda pande zote mbili. Kilingala chetu kinasema buku kwa kitabu na motuka kwa gari: hilo la kwanza ni "book" ya Waingereza, la pili ni "motor-car". Kiswahili kinasema baiskeli, shati, blanketi, soksi, daktari. Bibi yako anayesema hajui Kiingereza amekuwa akikiongea jikoni siku zote.

Tukitoka kwa ndugu wa damu, tuje kwa watoto wa neno. Hapa Mswahili ana bahati kubwa, maana lugha yake imemfundisha tangu utotoni kwamba neno moja huzaa. Soma, msomaji, somo, usomaji, someka. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha hayo, tuliyanyonya. Kiingereza nacho huzaa, ila mtoto wake hufungwa mkia badala ya kuvishwa kichwa. "Teach" ni fundisha. Funga mkia, "teacher", mfundishaji. "Read" ni soma, "reader", msomaji. "Fish" ni vua, "fisher", mvuvi. "Drum" ni piga ngoma. "Drummer", mpiga ngoma. Na ile -ika au -eka yetu, kama katika someka, wao huisema "readable", vunjika, "breakable". Mwanafunzi akishauona mkia huo mara kumi, ataanza kuutambua mwenyewe gazetini na kwenye simu. Kwa jitihada ya neno moja atavuna matatu.

Sasa nije kwenye mchezo niliokuwa ninauweka akiba. Ninauita lokole ya Kiingereza, na unahitaji vinywa tu.

Kila mtoto huchukua neno moja fupi la Kiingereza na kulitungia jina refu, kama mpigaji alivyofanya na mwezi na kuku. Hapa Kisangani vitu vya kutungia havikosekani. Chukua baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria kutoka Mangobo mpaka sokoni. Mtoto aseme: "The bicycle that carries two and drinks no petrol", baiskeli inayobeba wawili na hainywi petroli. Chukua mvua: "The rain that closes the market", mvua inayofunga soko. Chukua lituma, ile ndizi yetu ya kupondwa: "The food that needs strong arms", chakula kinachodai mikono yenye nguvu. Angalieni kilichotokea. Mtoto alitaka neno moja, "rain". Sasa ana "rain", ana "close", ana "market", tena ameyapanga katika jina refu alilolitunga yeye, juu ya mvua aliyonyeshewa yeye. Hilo neno halitashuka bandari ya kwanza.

Kisha mnakiondoa kichwa cha jina, na mnabaki na nini? Kitendawili! Mmoja anasimama: "Kitendawili!" Wote: "Tega!" "It carries two and drinks no petrol. What is it?" Wakishindwa, wanampa mji, na mji huo waupe jina la Kiingereza: "We give you London!" Mshindi anaondoka na London yake mfukoni. Nimeuona mchezo huu ukichezwa barazani na watoto wa miaka minane pamoja na kaka zao wa miaka kumi na saba, na mama aliyekuwa akichambua majani ya pondu pembeni, aliyedai kwamba hajui hata neno moja, ndiye aliyefumbua cha tatu.

Jambo jingine ni kuyarudia maneno. Nendeni kwenye maporomoko ya mto wetu, pale kwa wavuvi Wagenia. Wamesimika miti mikubwa katikati ya maji yanayonguruma, na kwenye miti hiyo wamefunga mitego yao mipana kama faneli. Mgenia haweki mtego akaenda kulala mwezi mzima. Anaurudia. Asiporudi, samaki anakwenda na maji. Maneno ni vivyo hivyo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa miaka, akatangaza mwaka 1885 kile ambacho Mgenia angemwambia bure: kinachoingia kichwani huanza kutoka mara moja, kwa kasi kubwa siku za mwanzo, isipokuwa tukirudie. Na ukirudia kwa kuacha nafasi, leo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya juma, kila safari kinashika zaidi.

Mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, mwaka 1972 alieleza namna ya kufanya hivyo kwa sanduku na kadi. Hapa kwetu tufanye hivi. Kata boksi tupu la biskuti au sabuni upate vikaratasi vigumu. Upande mmoja andika neno, upande wa pili jina lake la lokole. Tafuta mikebe mitatu. Mkebe wa kwanza ni wa kila siku, wa pili ni wa kila siku ya tatu, wa tatu ni wa Jumapili baada ya misa au ibada. Neno ulilolijua linahamia mkebe wa mbele. Ulilolisahau linarudi mkebe wa kwanza, bila matusi na bila fimbo. Gharama yake ni mkasi na subira.

Mzazi ataniuliza: maneno mangapi yatamtosha mtoto wangu? Mwaka 1953 mwalimu Michael West, aliyekuwa amefundisha miaka mingi Bengal, alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yanayotumika mara nyingi kuliko mengine. Maneno hayo yanabeba sehemu kubwa sana ya maandishi ya kawaida. Piga hesabu nami. Maneno matano kwa siku, siku 400. Mwaka na kama mwezi mmoja hivi. Mtoto aliyeanza leo na neno "moon", mwaka kesho wakati kama huu atakuwa anakaribia kumaliza. Matano, wasikilizaji, si 30 ya kumeza usiku mmoja.

Naona saa inanikimbiza, lakini siwezi kuondoka bila kusema kwa nini jambo hili linaniuma.

Iko sababu ya kazi, nayo ni ya kweli. Julai 2022 nchi yetu ilikamilisha kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kampala, Nairobi na Arusha zimekuwa jirani za biashara, na shughuli nyingi za Jumuiya huendeshwa kwa Kiingereza. Kijana wa Tshopo mwenye Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza atakuwa daraja ambalo wengi wanalitafuta.

Iko pia sababu nyingine, iliyo karibu zaidi na moyo wangu. Septemba 1890 meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Roi des Belges ilifika hapa kutoka chini na kusimama, kwa sababu maporomoko hayaruhusu meli kupita. Ndani yake alikuwamo baharia aliyekuja kujulikana kwa jina la Joseph Conrad. Miaka tisa baadaye akatoa hadithi juu ya safari ile ya mto, na dunia ikaisoma, na mpaka leo inasomwa katika vyuo vikuu. Katika hadithi hiyo watu wa mto huu karibu hawapewi nafasi ya kusema. Chinua Achebe wa Nigeria alilishutumu jambo hilo waziwazi mwaka 1975, akisimama mbele ya Wamarekani na kuongea nao kwa Kiingereza chao. Lakini kuna kitu ninachowaomba walimu wawaambie watoto: Conrad hakuzaliwa na Kiingereza. Alikuwa Mpolandi. Kifaransa kilikuwa lugha yake ya pili, na Kiingereza alianza kukishika akiwa kijana wa miaka ishirini na zaidi, akifanya kazi kwenye meli. Alikianza akiwa mkubwa kuliko binti wa jirani yangu. Ikiwa yeye aliweza, kwa maneno aliyoyaokota bandarini, kuisimulia dunia habari za mto usio wake, basi mtoto aliyezaliwa hapa ataweza kuisimulia habari za mto wake.

Jana jioni binti yule alirudi barazani. Taa yao ilikuwa inawaka, lakini alikuja. Hakuwa na kaye. Akasimama, akasema: "Kitendawili!" Nikamwambia: "Tega!" Akatega kwa Kiingereza, polepole, akilipiga kila neno kwa kidole kwenye nguzo ya baraza:

"It stops every big boat, but it is not the police. What is it?"

Kinasimamisha kila meli kubwa, lakini si polisi. Nilifikiri nikashindwa, nikampa London. Akaikataa. Akasema London haitaki, anataka Kinshasa, kwa sababu meli zinatoka huko. Ndipo akanyoosha mkono kuelekea kule yanakonguruma maji, na nikasikia jibu kabla hajalitamka.